Blogger, DokuWiki na Wikipedia ya Kiswahili: nimefundishia uandishi kwa zote tatu, haya ndo maoni yangu

Walimu wenzangu wa Kiswahili na nyie wenye vikundi vya uandishi huko mitaani, huwa mnaniuliza vijana wangu wanaandikia wapi, basi leo naweka yote hapa kwa pamoja. Mimi nafundisha Kiswahili sekondari hapa Tanga na jioni nina kikundi cha vijana wanaopenda kuandika, wengine bado wako shule, wengine wamemaliza fomu foo wako nyumbani wanasubiri matokeo. Tumetumia Blogger, tumetumia DokuWiki kwenye kompyuta za shule, na sasa hivi nguvu zetu nyingi ziko Wikipedia ya Kiswahili. Zote tatu ni bure, hakuna hata moja iliyotudai shilingi, ila zinafundisha vitu tofauti kabisa na naona watu wengi wanachagua vibaya kwa sababu wanaangalia muonekano tu, ipi ina templeti nzuri, ipi inakaa vizuri kwenye simu. Mimi naona swali la kuuliza ni moja, kijana akishaandika nani atamsoma kwa makini mpaka amsahihishe? Ukilijibu hilo, mambo ya rangi na templeti yatajipanga yenyewe.

Nianze na Blogger maana ndo wengi mnaijua. Ni ya zamani, ilianza 1999 na Google wakainunua 2003, na hadi leo ukiwa na Gmail tu unaingia, unachagua jina, unapewa anwani yako ya blogspot, kazi imeisha. Mtoto aliyezoea kuandika meseji haimsumbui hata kidogo. Unaweza kuweka waandishi wengi kwenye blogu moja, hadi mia, kwa hiyo darasa zima linaingia, kila mtu na Gmail yake, na kila posti inatoka na jina la mwenyewe. WordPress nayo ni nzuri, imeanza 2003, ina uwezo mkubwa zaidi, ila ile ya bure inabandika matangazo yao kwenye kurasa zako na menyu zake ni nyingi, kijana anapotea kwenye setingi kabla hajaandika sentensi moja. Kwa kuanzia mimi nasema Blogger.

Na msidharau blogu jamani, eti kwa sababu watu wamehamia Instagram na TikTok. Kiswahili cha kwenye intaneti kimejengwa na wanablogu. Katikati ya miaka ya 2000, kina Ndesanjo Macha na Jikomboe yake, kina Michuzi na picha zake, ndo waliotuonyesha kwamba mtu anaweza kukaa akaandika Kiswahili chake mwenyewe bila kumuomba mhariri wa gazeti ruhusa, na mtu aliyeko Marekani au Uarabuni akasoma siku hiyohiyo. Hicho kitu blogu bado inakifanya vizuri kuliko chochote. Inampa kijana sauti. Anasema "mimi", anasema "kwetu", anamuelezea bibi yake anavyopika, ana hasira, ana furaha, yote yanaruhusiwa. Kijana ambaye darasani insha yake inaanza na "Hapo zamani za kale" miaka yote ukimpa blogu baada ya muda anaanza kusikika yeye, na mwalimu yeyote anajua hiyo ni hatua kubwa kiasi gani.

Shida sasa. Kwenye blogu hakuna anayekuhariri. Unaposti, wenzako wanakuja kwenye komenti "hongera sana", "kazi nzuri mwanangu", "nimeipenda", basi. Komenti zinatia moyo sana, sikatai, ila sentensi yenye kasoro inabaki na kasoro yake mwaka mzima, na mwandishi haoni kwa sababu hakuna mtu aliyeigusa. Na Blogger haitunzi historia ya posti, yaani ukibadilisha ukahifadhi, ile ya kwanza imeondoka, huwezi kurudi kuona jana uliandika nini. Kwa mtu anayejifunza kuandika hilo ni pengo kubwa sana, maana kujifunza kwenyewe kuko pale katikati ya rasimu ya kwanza na ya tano. WordPress hapo inaishinda, inatunza matoleo ya nyuma, japo lazima uyatafute.

Kitu kingine kwa sisi wa Tanzania, kuna mambo ya sheria. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 zilitaka mwenye blogu awe na leseni ya TCRA, ile mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, na ukijumlisha ada zote mwaka wa kwanza ulikuwa unapita shilingi milioni 2. Blogu nyingi zilinyamaza mwaka ule, wengine ni watu waliokuwa wanaandika kwa mapenzi tu hawana hata tangazo moja. Toka hapo kanuni zimerekebishwa mara kadhaa, kwa hiyo mwalimu ukitaka blogu ya shule iwe wazi kwa dunia nzima pita kwanza TCRA uulize hali ya sasa ikoje. Sisi tuliamua kuifunga, Blogger ina sehemu ya kuchagua wasomaji, unaweka imeli za wazazi na walimu, wengine hawaoni. Inapunguza wasomaji ndiyo, ila na watoto wanakuwa salama zaidi.

Haya, DokuWiki. Hii wengi hamjaisikia na mimi ndo ninayoipigia debe kuliko zote kwa shule ambazo intaneti ni ya kubahatisha. Ni programu ya wiki, yaani kurasa ambazo watu wengi wanaziandika na kuzisahihisha pamoja, imeanza 2004, aliyeitengeneza ni Mjerumani anaitwa Andreas Gohr, na uzuri wake mkubwa haihitaji databesi, kila ukurasa ni faili la kawaida la maandishi limekaa kwenye folda. Kuna toleo unaloliweka kwenye flashi, unachomeka kwenye kompyuta ya Windows, unafungua, inafanya kazi hapohapo, bila bando, bila hosting, bila kumpigia fundi. Ukitaka kompyuta zote za maabara ziione itabidi mtu anayejua mambo ya netiweki akae nayo kidogo aunganishe na ruta, ruta isiyo na intaneti inatosha kabisa. Sisi tulisaidiwa na kijana wa hapa mtaani anayetengeneza kompyuta, na toka amemaliza ile siku hatujamuita tena.

Kuandika humo kuna alama za kujifunza, nyota mbili kila upande kwa maandishi mazito, alama za sawasawa sita kila upande kwa kichwa kikubwa, tano kwa kinachofuata, unashuka hivyohivyo. Vijana wanazishika haraka sana. Tena mimi naona zinawasaidia, kwa sababu inabidi uamue, hiki ni kichwa cha habari au ni sentensi ya kawaida? Hii ni sehemu mpya au ni aya tu? Kwenye karatasi wanakwepa huo uamuzi, humu hawawezi. Na mmoja akiwa anahariri ukurasa unajifunga kwa dakika 15, mwingine akijaribu anaambiwa kuna mtu yuko ndani, asubiri. Inabidi waongee. Maabara nzima unasikia "oya toka basi kwenye mkonge, na mimi nina cha kuongeza".

Na hapo kwenye mkonge ndipo nataka mkae kidogo, maana ndo palinifanya niiamini wiki. Tuliamua kuandika ukurasa mmoja wa pamoja kuhusu mkonge, maana hapa Tanga huwezi kuukwepa, mashamba yapo, majina ya mashamba yapo, na familia nusu zilikuja kwa ajili yake. Binti mmoja wa fomu three akafungua ukurasa, akaandika hivi, naikumbuka kwa sababu bado ipo kwenye historia: "Mkonge ni zao maarufu sana lililoleta neema kubwa mno katika mkoa wetu mzuri wa Tanga na kila mtu anajivunia." Sentensi ya kwenye insha hiyo, inapata alama zake mtihani ukifika. Kwenye blogu ingepata hongera. Kwenye wiki akaja kijana mwenzake akatoa neno "mzuri", akatoa "kila mtu anajivunia", halafu kwenye kile kiboksi cha chini cha kueleza umebadilisha nini akaandika maneno matatu tu, "neema kwa nani". Babu wa huyo kijana alikuja kama manamba, yaani kibarua wa mkataba wa mashambani, toka Njombe.

Hayo maneno matatu yametufanyia kazi kuliko vipindi vyangu vingi vya uandishi. Binti hakukasirika, au alikasirika kidogo akanyamaza, akaenda maktaba. Akarudi na vitabu, akaanza upya: kwamba mkonge ulioanzisha kilimo chote hiki uliletwa mwaka 1893 na Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, kwamba iliagizwa miche 1,000 toka Florida ikapitia Hamburg, na iliyofika Tanga ikiwa bado hai ilikuwa 62 tu. Sitini na mbili! Mashamba yote haya yamezaliwa na miche 62. Mwingine akaongeza kwamba miaka ya 1960 nchi yetu ndo ilikuwa inaongoza duniani kwa mkonge, mwingine akaleta habari za SILABU, ile ofisi ya wenye mashamba iliyoanzishwa 1944 kukusanya vibarua toka mikoa ya mbali na kuwasafirisha mpaka huku. Akaja mwingine akapanga tarehe zilizokuwa zimerukiana. Neno "neema" likaondoka, likarudi, likabishaniwa sana, mwisho likakaa kwenye sentensi moja inayosema nani alipata na nani hakupata.

Sasa ukibofya sehemu ya matoleo ya nyuma unaviona vyote, nani alisema nini, lini, nini kilitolewa, unaweka matoleo mawili ubavu kwa ubavu na mabadiliko yamepakwa rangi. Mimi ndo nasahihishia hapo siku hizi. Siangalii ukurasa wa mwisho peke yake, naangalia ile njia. Kijana aliyeongeza aya nzima na kijana aliyetoa maneno manne yasiyo na kazi wote wanaonekana, na mara nyingi aliyetoa ndo amefanya kazi nzuri zaidi. Hata kesi za kukopi zinajulikana mapema, maana maandishi ya mtu yanakua kidogokidogo na makosa yake, ukiona kurasa mbili zimeshuka kwa mpigo mmoja zimenyooka kama rula unamuita mhusika mnaongea vizuri tu.

Udhaifu wa DokuWiki upo. Muonekano wake ni wa kizamani, vijana wanausema sana. Picha kuziweka kuna usumbufu kidogo. Na wasomaji ni nyie wenyewe wa humo ndani, hakuna mgeni anayepita, kwa hiyo baada ya muda mnaanza kukubaliana kila kitu, mnajuana mno. Nyingine ni usalama, flashi ni flashi, ikipotea imepotea na kila kitu, kila Ijumaa nakopi folda nzima kwenye kompyuta nyingine na hili nawasisitiza sana. Na msitegemee kwamba za mtandaoni ndo salama zaidi. Wikispaces ilianza 2005, walimu dunia nzima walijenga madarasa yao humo, na 2018 ikafungwa, aliyekuwa hajatoa vitu vyake mapema vikaondoka nayo. Kitu cha bure cha mtu mwingine, tunza nakala yako.

Twende Wikipedia ya Kiswahili, na hapa nitakaa maana ndo yenye mengi.

Kwanza niondoe hofu moja. Walimu wengi bado wanawaambia wanafunzi "usisome Wikipedia, kila mtu anaandika". Ni kweli kila mtu anaandika, na ndo maana nawapeleka. Wikipedia ya Kiswahili ipo toka 2003, makala zake zimepita 80,000, haina matangazo, inaendeshwa na watu wanaojitolea, na wengi wao ni watu wanaokijali Kiswahili kuliko magazeti kadhaa ninayoyasoma kila siku. Ina wakabidhi, ndo wasimamizi wake, wanapitia mabadiliko ya karibuni, wanafuta upuuzi, wanarekebisha lugha, na wanaongea na wewe kwa adabu kwenye ukurasa wako wa majadiliano, "ndugu karibu, asante kwa makala, tafadhali ongeza vyanzo". Kuna na kikundi cha Jenga Wikipedia ya Kiswahili hapa Tanzania kinachofundisha watu kuhariri. Na Agosti 2025 mkutano mkubwa wa Wikipedia wa dunia nzima, Wikimania, ulifanyika Nairobi, kwa hiyo hii sio tena kitu cha Wazungu huko mbali.

Ukiifungua utakuta hali halisi mbili. Moja, makala nyingi ni fupi mno. Zinaitwa mbegu, chini yake kuna maandishi yanakuambia makala hii bado ni mbegu, je unajua kitu, basi unaweza kusaidia kwa kuihariri na kuongeza habari. Kata za Tanzania zipo kibao, tafuta ya kwenu, utakuta "ni kata ya Wilaya fulani katika Mkoa fulani", postikodi, idadi ya watu kwa mujibu wa sensa, "waishio humo", mwisho. Kuna mito mingi sana, watakatifu wengi sana, halafu unatafuta jambo la kawaida la maisha yetu unakuta mistari mitatu au hakuna kabisa. Msomaji anayetafuta habari hapo anaudhika na ana haki. Ila kwa mwalimu wa uandishi hilo ni shamba, maana Wikipedia ya Kiingereza imeshajaa, mtoto wa Tanga ataongeza nini kule kwenye makala ya Shakespeare? Huku kata yake mwenyewe ina sentensi mbili zinamsubiri yeye.

La pili, lugha haiko sawa. Kuna makala zimeandikwa kwa Kiswahili safi, sentensi zinapumua, zile za sayari na nyota kwa mfano, kaa usome Mirihi au Zohali uone mtu aliyejali. Halafu kuna makala unaona kabisa zimetoka kwenye mashine ya kutafsiri, maneno ni ya Kiswahili ila kichwa na miguu havijulikani. Hii inatokea sana kwenye mashindano ya kuandika makala nyingi kwa zawadi, mtu anataka idadi. Google waliwahi kuendesha shindano la wanafunzi wa vyuo vya Afrika Mashariki mwishoni mwa 2009 kuingia 2010, na lilileta makala mamia kwa mpigo, zipo nzuri mpaka leo, ila mashindano ya aina hiyo kokote yanapofanyika huwaachia wachache kazi ya kusafisha miaka mingi. Kwa hiyo mimi vijana wangu siwapi idadi, kila mmoja ana makala moja, anakaa nayo muhula mzima. Na makala zile za mashine tunazitumia kama zoezi, chukua aya moja, isome kwa sauti, ukikwama ujue ndo pa kurekebisha. Hakuna zoezi la sarufi kwenye kitabu chochote linaloshinda hilo, kwa sababu ukimaliza unahifadhi, na yule anayesoma kesho huko Bukavu au Mombasa anakuta umenyoosha.

Kuhariri ni rahisi kuliko mnavyodhani. Unabofya Hariri unaandika kama kwenye Word, au Hariri chanzo kama unataka kuziona alama, mabano ya mraba mawili kila upande yanatengeneza linki, alama za sawasawa mbili kila upande ni kichwa kidogo. Simu inatosha. Bando linalotumika ni dogo maana ni maandishi. Akaunti inataka jina na paswedi tu, imeli sio lazima ila iweke ili ukisahau paswedi usikwame, na kwa watoto nasisitiza wasitumie majina yao kamili. Jambo ambalo halisemwi na linakwamisha madarasa mengi ni hili, kutoka kwenye mtandao mmoja zinaruhusiwa akaunti 6 tu kwa siku. Ukiwakusanya wanafunzi arobaini kwenye wifi moja ukawaambia fungueni akaunti, sita wataingia, waliobaki watakuangalia. Wafungue nyumbani, siku tofauti. Na mitandao ya simu huwa inagawana anwani moja kwa watu wengi, akiharibu mmoja wanaweza kufungiwa wote waliopo kwenye anwani hiyo, mtu ambaye hajafanya kosa anakuta hawezi kuhariri, ni tatizo linalojulikana kwa wahariri wa Afrika nzima. Ukikutana nalo usikate tamaa, jaribu mtandao mwingine au waandikie wakabidhi.

Sasa twende kwenye ile hoja yangu ya nani atakusoma. Aya za mkonge tulizozipika DokuWiki tuliamua kuzipeleka Wikipedia, na hapo ndo vijana walikutana na msomaji asiyewajua. Huyo hajui kama wewe ni mtoto mzuri, hajui mwalimu wako ni nani. Aliingia mtu, akabadilisha "mkoa wetu" kuwa "Mkoa wa Tanga", kwa sababu ensaiklopidia haina "sisi". Akaunganisha Pangani na makala ya Pangani. Akaweka jamii chini, yaani jina la kundi la makala zinazofanana, ili ukurasa uonekane na wenzake. Vijana walikaa wanaangalia ile skrini ya tofauti, kushoto manjano kulikotolewa, kulia buluu kulikowekwa, wakabishana kila badiliko kama lina haki, na moja wakaona halina haki, wakaenda ukurasa wa majadiliano wakaeleza kwa heshima na vyanzo, wakasikilizwa. Mtoto wa miaka kumi na sita anamwandikia mtu mzima asiyemjua, "ndugu, naomba kutofautiana na wewe kwa sababu zifuatazo". Mimi nimefundisha barua rasmi miaka yote na sijawahi kupata barua iliyoandikwa kwa uangalifu ule, maana ile ya darasani inakwenda kwa mkuu wa shule wa kufikirika.

Vyanzo ndo mafunzo makubwa na ndo maumivu makubwa pia. Kila dai lionyeshe limetoka wapi, kitabu, gazeti, ripoti. Vijana wanajifunza kuuliza "umejuaje" na hilo linahamia kwenye maisha yao mengine, wakiona ujumbe wa WhatsApp wanauliza hivyohivyo. Lakini sasa yule babu wa Njombe. Yupo hai, tulienda kumsikiliza, anaeleza safari yenyewe, kambi ilivyokuwa, walivyokuwa wanakata majani na kufunga mafungu mpaka uhesabiwe siku yako, miiba ilivyokuwa inachoma mikono, nyimbo walizoimba, nani alikufa nani alikimbia. Wikipedia haipokei. Sio kwa ubaya, kanuni yao ni kwamba habari iwe imeshachapishwa mahali pa kuaminika, simulizi la mzee ulilolisikia wewe mwenyewe halihesabiki. Na blogu kwa kawaida hawaikubali kama chanzo. Kwa nchi ambayo sehemu kubwa ya historia yake iko vichwani mwa wazee na vitabu viliandikwa na waliokuwa na mashamba, hiyo kanuni inauma, nasema wazi. Naielewa kabisa, bila hiyo kila mtu angejaza uongo, ila inauma.

Ndo maana sijaiacha Blogger. Simulizi la babu limewekwa kule, kwa maneno yake, mjukuu wake ameliandika na akalisoma tena mbele yake mpaka akasema sawa, hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kule "mimi" inaruhusiwa, "kwetu" inaruhusiwa, na ukurasa unabeba picha ya mikono yake aliyokubali ipigwe. Kwa hiyo mkiniuliza ipi bora nitawajibu kwa kazi. Mtoto anayeogopa kuandika kabisa, au ana jambo la kwao la kusimulia, Blogger. Kikundi kinachotaka kujifunza kuhariri na kuhaririwa bila aibu ya watu wa nje, na hamna intaneti, DokuWiki, hiyo nyota zote tano bila kusita. Walioshaiva, wanaoweza kukaa na vitabu na kuvumilia mgeni kugusa sentensi yao, Wikipedia ya Kiswahili, nne na nusu, ile nusu ni kwa sababu ya makala za mashine na kufungiwafungiwa kwa mitandao ya simu. Msianze na Wikipedia siku ya kwanza, mtoto akifutiwa makala ya kwanza maishani mwake harudi.

Kwa shule zisizo na intaneti kabisa kuna Kiwix, programu ya bure ya kusomea Wikipedia bila mtandao. Ya Kiingereza ikiwa na picha zote inapita gigabaiti 100 lakini ya Kiswahili ni ndogo sana ukilinganisha, inakaa kwenye simu ya kawaida. Huwezi kuhariri humo, ni kusoma tu, sisi tunasoma Kiwix maabara, tunaandika DokuWiki, halafu mmoja mwenye bando anapandisha yaliyokamilika. Inaenda vizuri.

Kuna moja nimekwama na naomba wenye uzoefu mnisaidie. Tunataka kukusanya simulizi za wazee wa mashamba ya mkonge tuzitoe kama kijitabu, kiwe na ISBN toka Maktaba ya Taifa, nakala kadhaa zikae maktaba ya mkoa, ili kiwe kitu ambacho mtu mwingine anaweza kukifungua na kukitaja kwenye makala. Mliowahi kufanya hivi na wanafunzi, uchapaji mlifanyia wapi, na wazee wenyewe mliwaandikisha ruhusa ya namna gani? Nasubiri majibu yenu, na aliyeko Muheza, Korogwe au Pangani ambaye ana mzee wa kusikilizwa aniambie mapema.